Mvua Niliyomtumia Mama

Siku niliyopewa ujenerali, nilimpigia simu Mama kabla ya mke wangu. Mke wangu anajua, na alishanisamehe. Kofia mpya ilikuwa inanibana masikio, na jeshi zima la anga lilikuwa nyuma yangu linanisubiri nikapige picha. Sikujali. Nilijificha kwenye pembe ya ukuta nikaweka simu sikioni.

"Mama, nimepanda!"

"Umepanda nini?" akauliza. "Maharagi ao muhogo?"

"Hapana, Mama. Nimepanda gradi."

Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu anatwanga sombe, majani ya muhogo. Halafu akasema, kwa upole wa mtu asiyetaka kumvunja moyo mwanawe, "Gradi. Hiyo njo mbegu ya wapi?"

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Kwetu Kingi, kule Masisi, neno kupanda lina kazi mbili tu. Unapanda maharagi, na unapanda kilima kwenda kuyapalilia. Kilima tunapanda wote, wazee kwa watoto, na hakuna anayepigiwa makofi kwa kukipanda. Nilimweleza Mama kwamba sasa niko mkubwa wa marubani wengi, kwamba nikisema ndeke iruke inaruka. Akasikiliza vizuri sana. Kisha akauliza lile swali ambalo amekuwa akiniuliza tangu nina nyota moja begani.

"Na hiyo ndeke yenyewe, ni wewe unaendeshaka kweli?"

Swali hilo lilinitesa kuliko mtihani wowote niliofanya. Ukweli ni kwamba hakuna mtu hata mmoja wa kilima chetu aliyewahi kuniona ndani ya ndeke. Likizo zangu nilifika kwa pikipiki kutoka Sake, nimeshikilia begi, matope mpaka magotini, mara nyingine natembea kwa sababu pikipiki imekwama. Watu walinitazama wakasema, huyu muntu wa ndeke mbona anafika amechafuka kuliko sisi? Walisema kwa utani, lakini utani ukirudiwa miaka yote unaanza kunuka.

Ndeke yenyewe niliiona kwa karibu mara ya kwanza kule Walikale, wala haikuwa kwetu. Baba alikuwa mfanyabiashara wa miguu. Alibeba maharagi kutoka milimani, akashuka nayo mpaka msituni, akarudi na mafuta ya mawese. Nilipopata mabega ya kubeba, akanichukua. Njia ile ni ya matope, ya mito isiyo na madaraja, ya joto ambalo sisi watu wa baridi linatumaliza. Nililalamika njia nzima. Baba aliendelea kutembea mbele.

Tukafika mahali barabara ya lami inapasua msitu, imenyooka vizuri. Juu ya lami kina mama walikuwa wameanika mihogo yao kwenye shitingi za plastiki, upande huu na upande ule, kama vile serikali iliwatengenezea lami kwa kazi hiyo. Tukakaa chini kupumzika. Mara nikasikia mlio. Mama mmoja mnene akasimama, akaweka mkono juu ya macho, akapiga kelele: "Anueni!"

Jamani, sijawahi kuona jeshi linalotii vile, na nimeongoza majeshi. Neno ni hilo moja tu, lile tunalosema mvua ikikaribia na vitu viko juani. Kila mama alishika shitingi yake kwa pembe, mihogo ikakusanyika katikati, mbuzi wakavutwa kamba, watoto wakaburuzwa kwa mikono, na barabara ikabaki tupu. Halafu ndeke ikatua juu ya barabara ileile. Upepo wake ulinipiga usoni na unga wa muhogo. Nilipiga yowe. Baba alinikamata shati kwa nyuma, maana nilikuwa nimeshaanza kuikimbilia.

Nilimwambia Baba palepale kwamba hiyo kazi ninaitaka. Akanitazama, akatazama ndeke, akaniambia nibebe kwanza mzigo wangu. Ndeke ilipoondoka, kina mama walirudisha mihogo yao juani wakaendelea na hadithi zao. Kati ya watu wote pale, aliyebaki anatazama angani ni mimi peke yangu.

Yaliyofuata nayapitia haraka, maana nikianza sitanyamaza. Nilimaliza shule, nikaenda Kinshasa na barua ya padri na suruali moja, nikachaguliwa, nikapelekwa ng'ambo kusoma urubani kwenye nchi yenye baridi iliyonifanya niombe radhi kwa yote niliyosema kuhusu joto la Walikale. Siku mwalimu aliposhuka akaniacha peke yangu ndani ya ndeke, akafunga mlango, akanionyesha kwa kidole niende, niliruka nikiimba. Niliimba wimbo ambao mama zetu wanaimba wakivuna maharagi, kwa sauti yote, na redio ilikuwa wazi. Mnara mzima ulinisikia. Waliniadhibu, na ningeimba tena.

Nilirudi nyumbani nikafanya kazi. Nimebeba askari, nimebeba wagonjwa, nimebeba masanduku ya kura, nimebeba mbuzi wa kanali mmoja ambaye simtaji. Nimetua kwenye mchanga, kwenye nyasi zinazonifikia kifuani, kwenye mvua isiyoonyesha kitu. Nimezika marafiki pia, hilo silifichi. Nikapewa kambi, nikapewa kambi kubwa zaidi. Na mimi ni mtu wa kufoka. Makapteni walinisikia kabla ya kuniona, wakaingiza mashati yao kwenye suruali wakiwa bado mbali. Wote waliniogopa. Kisha napiga simu Kingi, naulizwa kama kweli naendesha.

Mama aliniambia mara nyingi niipitishe ndeke kwetu siku moja, hata kwa haraka, aione. Nilikataa kila mara. Mafuta ya ndeke ni ya taifa, nikamwambia, si ya kumtembelea Mama. Alikubali, lakini niliona hakukubali. Basi siku moja, kwenye mazoezi ya kwaya, mama mmoja mwenye sauti ya kwanza akasema mbele ya wote, huku anacheka, "Mutoto wako anaoshaka ndeke. Kuendesha ni ya watu wengine." Wakacheka. Mama alifunga kitabu chake cha nyimbo akaenda nyumbani, na Jumapili iliyofuata hakuimba.

Dada yangu mdogo, anayefundisha shule ya msingi palepale Kingi, njo aliyenieleza. Hasira zilinipanda mpaka nikakosa pa kuziweka. Na kibaya zaidi, ndeke niliziosha kweli! Kila mwanafunzi wa urubani anaziosha. Lakini nimeshakuwa jenerali, nywele zimekuwa nyeupe, na mama yangu hawezi kuimba kanisani kwa sababu yangu. Nilijua pia kwamba siku zangu za kustaafu ziko karibu. Nikivua ile nguo bila kuonekana, basi imekwisha, Mama atakufa akiwa mama wa muosha ndeke.

Ndipo kilima kimoja njiani kikaporomoka. Mvua kubwa ilikata barabara juu ya Sake, magari yakashindwa kupita, na kituo cha afya cha upande wetu kikaishiwa dawa. Maombi yakafika mezani kwangu: helikopta moja, masanduku ya dawa, mahali pa kutua ni kiwanja cha mpira cha shule ya Kingi. Nilisoma jina hilo nikalisoma tena. Nikaita watu wangu, nikasema hii ndeke naiendesha mimi mwenyewe. Wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kuniuliza kwa nini.

Nilimpigia dada simu, nikampa maelekezo kama ninavyompa askari. Wachunge kiwanja, watoe ng'ombe, watandike kitambaa kimoja cheupe katikati na mawe kwenye pembe zake, nikione kutoka juu. Akarudia yote bila kukosea. Kosa halikuwa lake. Kosa ni kwamba habari ilipozunguka kilima, watu walilibakisha neno moja tu, tandikeni. Na kwetu, kutandika kitambaa mbele ya mgeni ni jambo linalojulikana. Bibi arusi anatandikiwa. Padri mpya anatandikiwa vikwembe, vile vitenge vya kina mama, kutoka barabarani mpaka altare ya kanisa, akanyage asiguse vumbi. Sasa jenerali, mutoto wa hapahapa, atandikiwe kitambaa kimoja? Ingekuwa aibu ya kilima kizima.

Tuliruka asubuhi kutoka mji wa kando ya ziwa, hewa safi, ziwa linang'aa kushoto. Pembeni yangu alikaa kapteni kijana wa Kinshasa ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia mikate. Tukapita Sake, tukaona barabara ilivyokatika, tukafuata milima ile ya kijani na ng'ombe wake, na mimi namwonyesha kila kitu: pale nilisoma, pale nilianguka kutoka mtini, ule mto Baba alinifundisha kuuvuka. Nilikuwa nabwabwaja. Alinitazama kama mtu anayemwona mkubwa wake amekunywa.

Tukavuka mgongo wa mwisho wa kilima, Kingi ikafunguka chini yetu, na kiwanja sikukiona.

Niliona rangi. Nyekundu, manjano, bluu, maua, michoro ya kuku, picha za watakatifu, kila kikwembe cha kila sanduku la kilima chetu, kuanzia goli mpaka goli. Vya arusi, vya misiba, vipya ambavyo havijawahi kufungwa kiunoni. Pembezoni watu wamejaa, wanapunga mikono. Mahali fulani katikati ya yale yote kulikuwa na shuka langu jeupe.

"Mon général, ni soko?" kapteni akauliza.

Nilicheka na machozi yananitoka, na hapohapo nikakasirika kabisa. Helikopta inashuka na upepo mkubwa. Kitambaa kimoja kikirushwa juu kikajisokota kwenye zile panga zinazozunguka, tunaanguka, na tunaanguka juu ya watu. Nilishuka kidogo tu kujaribu, na kikwembe kimoja cha manjano kikainuka, kikaruka peke yake hewani, kikapita karibu. Chini niliona wanawake wanapiga vigelegele. Walidhani ni baraka. Nikapandisha ndeke haraka, kapteni amefunga macho.

Kuongea kwenye simu hakukuwezekana kwa kelele. Nikampa kapteni usukani, nikavua glavu, nikaanza kuandika kwa vidole vyangu vinene. Nilimwandikia dada waondoe vitambaa vyote. Jibu likarudi: wamekataa. Kuondoa kikwembe kabla mgeni hajakikanyaga ni kumfukuza, na hakuna mama anayetaka kuwa wa kwanza kumfukuza jenerali. Nikaandika ni amri ya jenerali. Akajibu, wanasema hata askofu hakuwaamuru hivyo.

Sisi tulikuwa tunazunguka. Mafuta yalitosha kuzunguka kidogo tu, na upande wa Walikale mawingu ya mchana yalikuwa yanaanza kusimama. Kapteni akanionyesha saa ya mafuta, kwa heshima. Nilijua. Tukirudi, dawa zinarudi, kesho atatumwa mwingine, na mimi sitakuwa na ndeke tena. Simu ikatetemeka. Dada aliandika: Mama anauliza, ni wewe unaendesha kweli? Kama ni wewe, mbona hushuki?

Nilimwona. Alisimama chini ya goli, kikwembe chake kimetandikwa mbele yake, mdogo, amevaa kile kitambaa cha kichwa cha Jumapili. Yule mama wa sauti ya kwanza alikuwa karibu naye, amekunja mikono. Miaka yote ile, nchi zote zile, nimefika juu ya kichwa cha mama yangu, na vikwembe vya heshima vinanizuia kushuka!

Ndipo nikamkumbuka yule mama mnene wa Walikale. Nikakumbuka mikono ya wale wanawake, jinsi haikungoja kufikiri. Na nikakumbuka nyumbani kwetu vilevile, maharagi yako juani, Mama yuko jikoni, tone moja linapiga bati, na kabla hujajua nani amesema, watu wote wako nje wanakusanya, hata jirani mliyegombana naye anashika pembe ya mkeka wako. Nikaandika maneno machache: Mwambie Mama mvua inakuja.

Dada alisoma, akatazama mbingu, ambayo haikuwa na wingu hata moja juu yao. Kisha akainama kwenye sikio la Mama. Mama akainua uso. Hakutazama mbingu, aliniangalia mimi. Sauti yake sikuisikia, nilisimuliwa baadaye na watu wote wa kilima, kila mmoja akitaka kunisimulia yeye.

"Yeye iko juu kule, anaiona kabla yetu," akasema. Halafu akavuta pumzi. "Mvua! Anueni!"

Kutoka juu niliona rangi zinaondoka. Zilianza golini kwa Mama, zikaenda zikimalizika mpaka goli la pili. Kila mwanamke aliinama, akashika, akakunja, akaweka kichwani, akakimbia kwenye baraza la shule na watoto nyuma yake. Yule wa sauti ya kwanza alianua vyake na vya jirani. Hakuna aliyekumbuka kufukuzana wala heshima. Kiwanja kilibaki nyasi tupu, shuka jeupe katikati, mawe kwenye pembe zake, sawasawa na nilivyoagiza. Nilipiga yowe lilelile la lami ya Walikale, na kapteni akaruka kwenye kiti. Nikachukua usukani, nikashuka.

Panga zikasimama. Nilifungua mlango nikakaa pale kwenye kizingiti. Mama alitoka barazani peke yake, kikwembe kimekunjwa kichwani, akaja polepole akitazama mbingu kulia na kushoto. Akasimama mbele yangu.

"Mvua iko wapi?"

"Mama, hakuna mvua. Nilitaka vikwembe vitoke."

Alichungulia ndani. Akatazama kiti changu, vile vyombo vyote, yule kapteni wa watu aliyeanza kumwamkia kwa Lingala. Akagusa usukani kwa kidole kimoja, kama anagusa sufuria kujua kama bado ni moto. Kisha akageuka kuelekea baraza, kule ambako kwaya yote ilikuwa imejazana na mizigo kichwani, akasema kwa sauti ya mtu asiyehitaji kupiga kelele:

"Anaoshaka, na anaendeshaka."

Kikwembe chake akakitandika chini ya mlango. Nilivua viatu kabla ya kukikanyaga, na soksi moja ilikuwa imetoboka, na kilima kizima kikaona kidole cha jenerali. Sijawahi kuchekwa hivyo maishani. Yule mama wa sauti ya kwanza njo aliyeanzisha wimbo, na Mama akauitikia, mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Masanduku ya dawa yalishushwa na watu wanaocheka, wakayabeba mbio mpaka kituo cha afya. Mama hakunishika mkono wala hakulia. Alinifungia ndizi kwenye jani nile njiani, na nyingine akamfungia kapteni, akamwambia amekonda.

Tuliondoka mawingu yakiwa yamekaribia. Kabla hatujafika Sake, dada aliandika tena: mvua imeanguka, mvua kubwa, na hakuna kitu kimeloana, maana hakuna aliyerudisha chochote juani baada ya Mama kusema. Nilimsomea kapteni kwa Lingala, akafanya ishara ya msalaba. Nimewaeleza watu wa Kingi mara nyingi kwamba nilidanganya. Hawataki kusikia. Wanasema niliiona, ila najifanya mnyenyekevu.

Sasa nimestaafu. Nguo yangu iko ndani ya plastiki, ndeke zangu wanaendesha wengine, na makapteni wanafokewa na mwingine. Ninakaa mjini, kando ya lile ziwa, nina kiti cha plastiki uani na kuku wa mke wangu. Karibu kila siku, jua likiwa limesimama, simu inalia, na ni Mama.

"We uko juu huko, unaonaje?"

Nimechoka kumwambia siko juu. Naweka simu juu ya kiti, natoka mpaka barabarani palipo wazi, natazama upande wa Sake, natazama upande wa Walikale, naangalia wingu linaelekea wapi na upepo unalisukuma vipi. Naangalia kwa makini kuliko nilivyowahi kuangalia nikiwa na roho za watu nyuma yangu. Kisha narudi, namwambia.

"Mvua inakuja, Mama. Anua."

Hakati simu, hajawahi kujua jinsi ya kuikata. Basi namsikia akigeuka, akitoka nje, na kilima chote kinamsikia pamoja nami.

"Anueni! Jenerali amesema!"